Kutua KIA saa 9:40 alasiri na kuendesha gari la kukodi hadi Karatu siku hiyohiyo

Seeb_Familia aliuliza:

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Arusha na Moshi.

Mwezi wa saba nakuja na familia kutoka Muscat: mimi, mke wangu, watoto wawili, wa miaka 4 na wa miaka 7, na mama mzazi aliyetimiza 71. Ndege inatua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, saa 9:40 alasiri kwa saa za huko. Nimekubaliana na kampuni moja ya Arusha wanipe RAV4 otomatiki kwa siku nane, naendesha mwenyewe, na gari litaletwa uwanjani. Usiku wa kwanza nimeweka nafasi Karatu. Nikiifuta wiki moja kabla sikatwi kitu. Simu inaniambia KIA hadi Karatu ni saa tatu na nusu tu.

Saa tatu na nusu hizo ni za kweli? Huku tunaendesha upande wa kulia, usukani kushoto; siku ya kwanza ugumu wenyewe uko wapi hasa? Gari likiletwa nikague nini kabla sijatia sahihi? Na trafiki wa njia hiyo wanataka nini? Leseni yangu ya Oman ina Kiarabu na Kiingereza. Nawaombeni majibu ya wanaoijua njia, si ya "utafika tu inshallah".

Dereva_Ngulelo:

Waalaykum salaam mkuu. Karatu ya siku ya kwanza ifute leo. Njia haina ubaya, lami ni nzuri mpaka geti la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro. Tatizo ni jua.

Piga hesabu kuanzia machweo ukirudi nyuma. Julai jua linazama kama saa 12:35 jioni, na huku kwetu giza halibishi hodi. Saa 1 na dakika chache ni usiku mtupu. Ndege inatua 9:40. Kushuka, uhamiaji, mizigo na forodha uvipe saa moja na dakika kumi, maana Julai ni msimu wa wageni na ndege mbili kubwa zikifuatana ukumbi unajaa. Hapo ni 10:50. Kupokea gari kwa makini hakupungui dakika 40, kwa hiyo ni 11:30. Umebakiwa na saa moja ya mwanga na karibu kilomita 200 za kwenda. Giza litakukuta hata Arusha hujaimaliza, halafu Makuyuni, Mto wa Mbu na mlima wa Manyara wenye kona zake vyote uvipite usiku, upande usiouzoea.

Na hiyo saa tatu na nusu ya simu usiitegemee. Barabara ya Moshi–Arusha ni makazi yaliyoungana, kila penye watu kuna kibao cha 50, matuta, rasta (vituta vidogovidogo vilivyopangana) na zebra za kuvukia watu. Ukiendesha kihalali na kusimama mara mbili kwa ajili ya watoto na mama, weka saa nne na nusu.

Usiku hali inabadilika kabisa. Bodaboda wengine hawana taa ya nyuma, wengine hawana hata ya mbele. Watu wanatembea pembeni mwa lami na nguo nyeusi. Malori yanayokuja yanakuwashia full na hayashushi. Lori likiharibika, utingo anakata matawi ya miti na kuyapanga barabarani mita kadhaa nyuma yake. Hayo matawi ndiyo pembetatu yetu, na mgeni asiyejua anayachukulia kama takataka. Ukiona majani mabichi juu ya lami, punguza hapohapo, mbele yako kuna kitu kimesimama.

Saa moja yako ya mwanga inatosha vizuri kufika Usa River, kama kilomita 30 kutoka uwanjani. Lala hapo. Asubuhi saa 2 toka, saa 6 mchana mko Karatu mmeshakula njiani.

Na kuna sababu nyingine ya kuichagua Usa River badala ya Moshi. Kutoka uwanjani hadi barabara kuu ni kama kilomita 6 zisizo na magari mengi. Hapo ndipo unapojifunzia. Ukifika njia panda, kwenda Arusha unakunja kushoto: unaangalia kulia, ukiona pako wazi unaingia. Kwenda Moshi ni kukunja kulia, yaani ukate njia ya mabasi yanayotoka Moshi kwa kasi, na ujipange upande wa mbali. Kona ya kwanza ya mtu aliyezoea upande mwingine isiwe hiyo.

Fundi_KwaMrefu:

Ngulelo kamaliza habari ya muda. Mimi niseme la gari, na naanza na ambalo hukuuliza: RAV4 ni ndogo kwenu.

Mko watano. Mbele wawili, nyuma watatu, na wawili kati ya hao wana viti vya watoto. Anayebaki kukaa katikati ya viti viwili vya watoto ni bibi wa miaka 71 au mkeo. Nyuma ya hapo buti inaingia masanduku makubwa mawili, ukibahatisha matatu. Waambie wakubadilishie Toyota Noah. Ina milango ya kuteleza, mama anapanda bila kuinua mguu sana, na kwa lami ya hadi Karatu haina shida yoyote. Kreta ya Ngorongoro huwezi kushuka na Noah, ila kwa siku hiyo moja mkodi Land Cruiser ya safari yenye dereva palepale Karatu. Kama lazima ujiendeshee kila mahali, basi Prado. Viti vya watoto njoo navyo. Ukiagiza huku unaweza kuletewa kisichomfaa mtoto wa miaka 4.

Gari lenyewe litakuwa la Kijapani, usukani kulia. Yafuatayo ndiyo yanayowababaisha watu wa usukani kushoto:

Kijiti cha indiketa kiko mkono wa kulia, cha waipa mkono wa kushoto. Siku nzima ya kwanza utafuta kioo kila ukitaka kukunja. Si hatari, ila ukiwa kwenye kipilefti (mzunguko wa njia panda) unajikuta umechanganyikiwa na huku hukumwonyesha mtu unakoelekea.

Hatari hasa ni upana. Umezoea gari kubaki kulia kwako. Sasa limebaki kushoto kwako, na mwili unajivuta kukaa pale ulipozoea. Matokeo yake gari linakwenda kushoto mno, tairi zinagusa ukingo wa lami, na ndipo bodaboda na watembea kwa miguu walipo. Dawa yake: angalia mstari wa katikati, uwe karibu na bega lako la kulia, na kioo cha pembeni cha kushoto kitegwe kionyeshe kidogo cha tairi ya nyuma na ukingo wa barabara.

Kwenye kipilefti magari yanazunguka kama mshale wa saa na unampisha anayetoka kulia kwako. Jina lenyewe, "keep left", linakukumbusha kukaa kushoto.

Sehemu mtu anapokosea si kwenye foleni, maana kwenye foleni unafuata wa mbele. Anakosea akitoka sheli au hotelini asubuhi, barabara tupu, hakuna gari la kumkumbusha. Mkeo akae mbele na kazi yake iwe moja: kila mnapoingia barabarani aseme "kushoto" kwa sauti. Dashibodini bandika karatasi yenye mshale.

Sasa ukaguzi. Fanya huku jua lipo na injini ikiwa ya baridi:

Tairi zote tano, pamoja na spea. Ubavuni tafuta tarakimu nne ndani ya duara refu: 2219 ni wiki ya 22 ya mwaka 2019. Tairi ya zaidi ya miaka sita ikatae hata kama kashata zake (meno ya tairi) zimejaa, mpira unakuwa umekauka na ndiyo hupasuka kwenye joto la Makuyuni. Upepo wake usikisie. Kuna kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na mkijaa watu na mizigo tumieni kipimo cha gari lenye mzigo.

Jeki, mpini wake na wili spana. Jaribu wili spana kwenye nati moja. Wakati mwingine nati ni za saizi nyingine kabisa, au kuna nati ya kufuli ambayo ufunguo wake umebaki ofisini.

Pembetatu mbili na mtungi wa kuzimia moto wenye mshale kwenye kijani. Hivi trafiki anavidai kwa majina.

Taa: full, dimu, indiketa zote, breki. Mwambie anayekuletea asimame nyuma huku wewe unakanyaga.

Dipstiki ya oili, maji ya rejeta kwenye chupa yake, kisha washa AC dakika tano uone kama joto la injini linapanda kupita kawaida.

Piga video moja ndefu kuzunguka gari lote, chini ya bampa, kioo cha mbele, viti, na umalizie kwenye dashibodi ionekane kilomita na geji ya mafuta. Mwenye gari naye awe kwenye video akikubali mikwaruzo iliyopo. Mtumie hapohapo kwenye WhatsApp, tarehe inabaki.

Kwenye mkataba soma mambo matatu. Kwanza bima: uliza ni bima kubwa au bima ndogo. Ndogo inamlipa mtu uliyemgonga tu, gari unalibeba mwenyewe. Hata kubwa mara nyingi haigusi tairi, vioo na chini ya gari, na kuna kiasi cha kwanza unachokatwa wewe. Kiandikwe kwa tarakimu. Pili, kama mkataba unakataza kutoka kwenye lami, basi uliza maana ya "kutoka kwenye lami": njia ya vumbi ya mita 300 kuingia hotelini nayo imo? Tatu, jina la kila atakayeshika usukani liwemo.

Redio ya Kijapani inaanzia 76 na kuishia 90, kwa hiyo stesheni nyingi hautazipata. Wala isikupotezee muda kuihangaikia.

MamaNoa_Moshi:

Kaka Seeb, karibu sana. Mimi naongeza la mama na watoto, wanaume hapa wameshaingia kwenye boneti.

Mtu mmoja asiende kufanya kila kitu. Wewe ukikagua gari, mkeo akae na watoto na mama ndani kwenye viti, siyo kwenye kibaraza. Julai huku ni baridi, jioni inaweza kushuka manyunyu. Mmetoka kwenye joto la Muscat, sweta ziwe kwenye begi la mkononi wala si kwenye sanduku. Karatu iko juu zaidi, asubuhi kuna ukungu.

Laini ya simu: ipo ya kusajiliwa palepale kwa pasipoti na alama za vidole, lakini foleni yake ndiyo inayokula ile saa moja ya jua. Nunua eSIM ukiwa Muscat au washa huduma ya nje ya laini yako kwa siku moja, laini ya Tanzania utasajili kesho. Na ramani ya mkoa wa Arusha na wa Kilimanjaro ipakue kabisa kwenye simu kabla ya safari.

Pesa: badilisha kidogo uwanjani, ya maegesho getini, maji na mafuta. Sheli nyingi zinapokea kadi au simu, lakini mtandao ukikata unabaki unatazamana na mhudumu. Amana ya gari uliza mapema inazuiwa kwenye kadi au inalipwa taslimu, na inarudi lini. Majibu yawe ya maandishi.

Halafu hili la saa. Mkiandikiana "tukutane saa 10", mwingine anaelewa saa kumi jioni na mwingine kumi asubuhi kwa saa za kizungu. Mkataba na ujumbe uandike 16:00 pamoja na namba ya ndege. Hapo ndege ikichelewa hata wao wanaona.

Ndege ikichelewa zaidi ya saa moja, usiendeshe kabisa siku hiyo. Mwambie aliyeleta gari awapeleke yeye hadi hotelini na mkabidhiane asubuhi. Nauli yake ya kurudi na posho ni pesa ndogo kuliko bampa.

Seeb_Familia:

Allah awalipe kheri. Karatu nimeifuta usiku wa kwanza, nimepata chumba Usa River, na kampuni wamekubali Noah. Mama kafurahi kuliko wote.

Naomba sasa habari ya trafiki na ya asubuhi ya pili. Nasikia kuna barabara ya mchepuko ya kuukwepa mji?

Dereva_Ngulelo:

Ipo, na ndiyo utakayopita. Ukitoka Usa River kuelekea Arusha, mchepuko unachomoka kushoto. Ni kilomita zaidi ya 40, unapita kusini mwa mji hadi upande wa Ngaramtoni. Faida yake kwako ni kubwa: unaikwepa Tengeru, ambako Jumatano na Jumamosi ni siku za soko, na unaikwepa ile barabara ya njia nne kutoka Tengeru hadi Sakina yenye vifodi (daladala ndogo) vinavyosimama popote abiria anaponyoosha mkono. Ukikutana na barabara ya Dodoma upande wa Kisongo, kunja kushoto. Ukinyoosha tu utatokea Ngaramtoni, barabara ya Namanga, na kichwa chako kinaelekea Nairobi.

Makuyuni ndiyo kona yako ya kwanza ngumu: kunja kulia kwenda Mto wa Mbu. Moja kwa moja ni Babati. Simama katikati karibu na mstari, tairi zikiwa zimenyooka, si zimeshakunjwa. Ukigongwa kwa nyuma tairi zilizokunjwa zinakusukuma kwenye njia ya wanaokuja. Kisha unapoingia, ingia upande wa kushoto wa barabara mpya. Mke aseme neno lake.

Mto wa Mbu ni baiskeli, pikipiki na ndizi barabarani. Ukianza kupanda mlima kuna nyani, vioo juu na usiwape chakula dirishani. Siku ya kurudi, mteremko uleule usishushe kwa breki peke yake. Noah nyingi za zamani zina kitufe cha O/D (overdrive, gia ya juu kabisa) kwenye gia; kibonyeze taa ya O/D OFF iwake, injini inashika gari. Breki zikishinda zinachemshwa kilomita nzima, mguu utazama.

Trafiki sasa. Faini ya barabarani inatozwa kwa kila kosa. Kosa linaloongoza kwa wageni ni mwendo. Kibao cha 50 ukikiona unakuwa umeshachelewa kupunguza, maana askari mwenye tochi ya kupimia mwendo anakaa mbele kidogo tu, kwenye kivuli. Fikia kibao ukiwa na 50 tayari na usiongeze mpaka uone cha 50 kilichokatwa mstari. Wapo wanaosema makazi yameisha basi kanyaga. Tochi haijali nyumba, inajali kibao. Magari yanayokuja yakikuwashia taa mara mbili mchana, mbele kuna askari.

La pili ni zebra. Mtu akiwa amekanyaga zebra unasimama, hata kama lori nyuma yako linapiga honi. Onyesha mapema kwa breki ndogondogo, lori lijue. La tatu ni kuovateki kwenye mstari usiokatika. Lori mbele yako likiwasha indiketa ya kushoto mara nyingi linakuambia pita, likiwasha ya kulia linakuambia kaa. Lakini indiketa hiyohiyo inaweza kuwa anakunja kweli, kwa hiyo usipite kwa macho ya mwenzio. Kama huoni mbele, subiri.

Ukisimamishwa: weka gari kando kabisa, taa za dharura, salamu kwanza. "Shikamoo" au "habari za kazi afande" haina gharama. Toa leseni ya Oman pamoja na kibali cha kimataifa cha udereva; njoo navyo vyote viwili, na nakala ya pasipoti. Wote mmefunga mikanda, mama wa nyuma pia. Ukiandikiwa kosa, omba kontroli namba (namba ya malipo ya serikali) na ulipe kwa simu au benki. Usitoe noti dirishani.

Na kuna jambo Fundi kalisahau: deni la faini hukaa kwenye namba ya gari. Mfumo wa polisi unaonyesha deni kwa kuingiza namba ya usajili tu. Mwambie mwenye gari akuonyeshe kwenye simu yake siku ya kukabidhi kuwa halina deni, piga picha, na siku ya kurudisha muangalie tena pamoja. La sivyo kosa la mteja aliyepita mwezi wa sita linakuja kukatwa kwenye amana yako.

Fundi_KwaMrefu:

Kweli hilo nililiruka. Kwenye O/D nakubaliana naye, ila akirudi kwenye tambarare akumbuke kukibonyeza tena kitufe, taa ya O/D OFF isibaki inawaka. Wengi wanasahau wanashangaa gari linakunywa mafuta na kulia kama jenereta.

Mchepuko nao usiupite usiku hata siku nyingine. Sehemu kubwa haina taa na sheli si nyingi. Jaza mafuta Usa River jioni ya kwanza, mkiwa mmeshafika, mizigo imeshuka. Noah inajaa lita 60 hivi. Nusu tanki inakufikisha Karatu na akiba, lakini mtu hapimi mafuta ya gari asiloijua geji yake.

Seeb_Familia:

Swali la mwisho. Mkataba unasema mafuta "kama ulivyolikuta". Wakinipa likiwa robo?

Fundi_KwaMrefu:

Utalirudisha robo, na hapo ndipo ile video ya dashibodi inapokulipa. Lakini kabla ya kutoka getini hesabu: robo ya Noah ni kama lita 15, ikienda kilomita tisa kwa lita unazo 135. Usa River unafika vizuri kabisa. Ila taa ya mafuta ikiwa imeshawaka, usisogee. Mwambie aliyeleta aende mwenyewe akatie lita kumi, na hizo mzihesabu kwenye makubaliano.